Pambio la Benchi la Nyuma

Jumapili iliyopita nilikuwa Somanda. Nilikuwa nimekuja mjini kwa ajili ya macho yangu, ambayo daktari alitaka kuyatazama Jumatatu asubuhi, na mtu wa umri wangu hapandi bodaboda alfajiri ikiwa anaweza kulala kwa mwanawe. Basi nikaenda kanisani na wajukuu. Wewe uliyekulia huku unajua makanisa yetu ya siku hizi yalivyo: spika ndefu kama makabati, vijana wenye vipaza sauti wamejipanga mbele, na maneno ya nyimbo yakipita ukutani kama matangazo. Nilivumilia. Kisha kijana aliyekuwa akiongoza sifa akafuta jasho, akasema: "Sasa, wapendwa, tuimbe pambio moja la zamani kabisa. Hili inasemekana lililetwa na wamisionari."

Nililitambua kabla ya neno la kwanza, kwa mdundo wake tu. *Mto umejaa, Baba, nishike mkono.* Kanisa zima likaruka. Mimi uso uliniwaka, nikatazama chini, nikaviona viatu vyangu, na kwa muda nilivishangaa kuwa ni viatu vya mtu mzima. "Babu, unaumwa?" mjukuu wangu akaniuliza. Nikamwambia aimbe.

Nimefundisha shule kwa muda mrefu, na katika madarasa yangu neno "inasemekana" halikuruhusiwa. Aliyelitumia aliulizwa papo hapo: imesemwa na nani, na wewe ulikuwa wapi? Wanafunzi walidhani ni ukali wa tabia. Sivyo. Chuki yangu kwa neno hilo niliipata nikiwa mtoto wa kaptura, na kila ninapolisikia namwona bibi yangu, mama yake baba, ameketi benchi la nyuma, karibu na mlango, mahali ambapo vumbi la uani lilimfikia kabla ya neno la mchungaji.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya barabara ya kwenda Lamadi, na maisha yake yalikuwa pamba. Msimu wa kuchuma ulipofika, asubuhi tulikuwa shambani, na mchana tuliketi kivulini mwa ghala la nafaka kuichambua: pamba safi rundo hili, fifi, yaani ile iliyoingia doa, rundo lile. Vidole vilikauka mpaka vikawa kama magamba. Chakula kilikuwa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa na karanga, na maziwa mgando kama ng'ombe walikuwa na huruma. Kazi hiyo ingetuua kwa uchovu, lakini bibi aliimba. Aliimba tenzi za kanisani, polepole, beti zote bila kuruka, na sisi wajukuu tulizifuata kwa vidole. Mtoto aliyeharakisha alikatizwa. "Wimbo huchungwa kama ng'ombe," alikuwa akisema. "Ukiukimbiza unavunjika mguu."

Sauti yake sikuwahi kuisikia kwa mwingine yeyote. Haikuwa tamu, ilikuwa pana. Alipoitoa kivulini mwa ghala, wachota maji waliokuwa wakifukua mchanga mtoni waliinua vichwa. Hilo nililiona mwenyewe mara nyingi, nikiwa miongoni mwa wachota maji hao.

Alikuwa ameipata sauti hiyo kwa njia isiyokuwa ya kanisa. Katika usichana wake aliongoza waimbaji wa kundi la ngoma la baba yake, upande wa Wagalu, kimojawapo cha vyama viwili vya ngoma vya Kisukuma. Alipotaka ubatizo aliambiwa achague, naye akachagua. Akaipeleka mwenyewe ngoma ya baba yake misheni. Ikapasuliwa, ikapikiwa maharage ya wanafunzi. Alinieleza habari hiyo siku moja akipembua mtama, bila machozi, kana kwamba anazungumzia debe lililotoboka. "Nilichagua," alisema. "Aliyechagua hageuki kuutazama moshi."

Kanisani kwaya ilikuwa moja. Mwalimu wa kwaya alikuwa mtu mwembamba ambaye, kwa maneno ya watani wake, alivaa tai hata akipalilia. Mimi nilimwona na tai Jumapili tu, kwa hiyo nasema Jumapili. Aliandika do-re-mi kwa chaki nyuma ya mlango wa kanisa, akatugawa sauti nne, na hakuna mwili uliotikisika. Bibi alisimama mstari wa mbele mikono ikiwa imeshuka ubavuni. Kabla ya kuimba alikuwa na desturi moja: aliweka kipande cha ukwaju chini ya ulimi ili koo lisikauke. Nayajua hayo kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kuokota ukwaju huo, nikaumenya, nikautoa mbegu na nyuzi. Naomba uliweke jambo hili moyoni, kwa maana tutalirudia.

Ndipo ikaja miaka ya ruksa. Utakumbuka: sabuni tuliyokuwa tukiifuata kwa foleni ikaonekana imepangwa madirishani, mitumba ikamwagwa chini sokoni Bariadi, na wenye maduka wakaanza kuita wateja kwa redio kaseti zilizowekwa milangoni. Mtu aliyezoea kupokea alichopewa sasa alichagua. Kanisa nalo likaona linaweza kuchagua. Vijana wetu waliokuwa Mwanza walirudi na kinanda cha betri, kisanduku chenye vitufe ambacho ukibonyeza mahali fulani, ngoma inalia na hakuna mpigaji. Wakaunda kwaya yao. Wakaimba mapambio, mafupi, ya kupiga makofi, na miguu yao haikukaa mahali pamoja.

Ugomvi haukuchelewa. Kwaya ya vijana ilitaka kuongoza nyimbo siku ya Krismasi; mwalimu wa kwaya alisema labda akiwa amezikwa.

"Si ndiyo hapo, mwalimu," kijana mmoja akamjibu uani, watu wakisikia, "maana nyimbo zenu zote ni za kuzikia."

"Na nyie mnaimba au mnauza sabuni?" mama mmoja wa kwaya ya zamani akamkata kauli, na waliocheka wakacheka pande zote mbili.

Mchungaji alikuwa mgeni kutoka mbali, mtu mpole aliyechoshwa na kesi. Akawauliza wazee wa kanisa, na baba yangu akiwa mmoja wao, namna ya kuamua. Hapo ndipo wazee walipotoa shauri ambalo sidhani lingeweza kutolewa kwingine isipokuwa kwetu. Wewe unajua namna ngoma za Kisukuma zinavyoshindana: makundi mawili huingia uwanja mmoja, yakacheza kwa wakati mmoja, huku na huku, na aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Hakuna jaji anayeweza kuhongwa. Miguu ya watu ndiyo inayohukumu. Wazee wakasema, kwa nini tusifanye vivyo hivyo siku ya sikukuu ya mavuno? Kwaya moja upande wa mashariki wa uwanja wa kanisa, nyingine upande wa magharibi. Mchungaji, asiyejua mila yetu, aliona ni jambo la haki. Wala hakuna hata mmoja miongoni mwa waliojua aliyesema kwamba ukichukua kipimo cha ngoma utaletewa na mashitaka ya ngoma.

Siku ile uwanja ulijaa. Kulikuwa na magunia ya mahindi, kuku waliofungwa miguu, viroba vya mpunga, harufu ya jasho na ya mafuta mapya ya nywele. Mimi nilisimama na kwaya ya zamani kwa sababu nilibeba vitabu vyao. Wakaanza pamoja. Kwa ubeti mmoja watu walitusikiliza kwa adabu. Kisha kile kisanduku kikalia upande wa pili, na watu wakaanza kuhama. Wa kwanza walikuwa watoto. Wakafuata wasichana, kisha akina mama wenye watoto mgongoni, kisha, jambo lililoniumiza zaidi, wazee wawili waliohama kinyumenyume, wakitutazama, kana kwamba wanaondoka msibani.

"Njooni huku, huko wanalala!" vijana wakapiga kelele.

Mwalimu wa kwaya aliendelea kupiga mkono wake hewani. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Tulibaki sisi, kuku, na mzee mmoja asiyesikia. Nilitamani ardhi ipasuke, na nilipomtazama bibi niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona: kidole gumba cha mguu wake wa kulia, ndani ya kiatu cha wazi, kilikuwa kinapiga chini.

Akafunga kitabu. Akatoka mstarini hatua chache, akavua viatu, akaimba. Maneno hayakuwa ya kitabu chochote; aliyatunga pale pale, juu ya mtu aliyefika mtoni akakuta mto umejaa, akamwomba Babaye amshike mkono. Lakini mwendo wake ulikuwa wa kulimia, ule wa majembe yanapoinuka pamoja na kushuka pamoja. Alitupa neno, akasubiri. Mwanzoni hakuna aliyejibu. Akatupa tena, na mama yule wa sabuni akajibu, kisha wote, kisha watu wa upande wa pili wakageuza shingo. Walirudi mbio. Magunia yakapinduliwa. Vigelegele vilipigwa na wanawake ambao tangu nizaliwe niliwajua kwa kunyamaza tu. Kinanda kikaendelea kulia peke yake, kwa sababu mpigaji wake naye alikuwa amehama.

Tulishinda. Jioni hiyo bibi alikula ugali wa mtama akicheka kama msichana, na baba, mtu asiyecheka, alimwambia: "Mama, umetutoa jasho." Ninaiweka jioni hiyo mahali pake, kwa sababu ilikuwa moja.

Kabla wiki haijaisha neno lilikuwa kisimani. Inasemekana ana samba. Samba ni dawa ya kuvuta watu, ambayo manju wa ngoma hutafutiwa na waganga ili uwanja wa mwenzake ukauke. Inasemekana aliiweka chini ya ulimi. Ameonekana akitia kitu kinywani. Inasemekana baba yake alimwachia. Jirani yetu, mwanamke aliyekula kwetu michembe kila msimu, alimwambia mama yangu haya yote kwa huruma kubwa, akimalizia kwa kumwita mayu, yaani mama: "Mimi sikuona, mayu. Nimeambiwa."

Wazee walikaa kikao chini ya mchungaji, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya joto, na sisi watoto tulikuwa nje tukiokota kuni za kupikia chai yao. Nilimsikia baba akiuliza: "Nani ameiona hiyo dawa?"

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Mzee mwenzangu, usitubane. Uliona mwenyewe watu walivyokimbia. Tenzi zinaweza kukimbiza watu vile?"

"Alikuwa na ukwaju," baba alisema. "Mtoto wangu huuokota."

Mwingine akasema, tena bila ubaya: "Hata dawa huwekwa ndani ya ukwaju." Baada ya neno hilo ushahidi haukuwa na kazi tena, maana kila ushahidi ungegeuzwa chombo cha kubebea dawa. Akatengwa. Angeketi benchi la nyuma, asiimbe na kwaya, asishiriki meza ya Bwana, mpaka atubu mbele ya kanisa.

Mimi nilikuwa mjukuu wa karibu, kwa hiyo niliketi naye. Sijui namna ya kukueleza aibu ya benchi lile. Watu walipogeuka kusalimiana walitugeukia sisi, wakarudisha macho upesi. Shuleni walinifuata wakiwa wamevimbisha shavu kwa ndimi zao, "Bibi yako anatafuna nini?", na mimi, niliyemenya ule ukwaju kwa kucha zangu, nilijibu kwa ngumi, kwa sababu aliye na ukweli bila wa kumsikiliza hana kingine. Niliona aibu kwa ajili yake. Kisha niliona aibu kwamba naona aibu. Naye alijua. "Uso wako unawaka," aliniambia Jumapili moja, bila kugeuka. "Nenda ukakae na wenzako." Nilibaki. Usinisifu; miguu haikuwa na nguvu ya kupita katikati ya kanisa.

Krismasi ikafika. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameacha kuja, na walioongoza nyimbo walikuwa vijana. Wakaweka betri sakafuni, wakabonyeza kitufe, na lililotoka lilikuwa pambio la bibi. Maneno yake, mwendo wake, hata mahali alipokuwa akisubiri kujibiwa. Ngoma ile ile, ila hii haikuwa na ngozi wala mkono wa mtu, kwa hiyo hakuna mzee aliyeisikia kuwa ni ngoma. Mchungaji alipiga makofi. Wazee walipiga makofi. Bibi alikaa nyuma, mikono mapajani, kidole gumba kikiwa kimetulia kabisa.

Baadaye ikafuata meza ya Bwana. Desturi yetu ilikuwa wazee wa kanisa wapitishe sahani ya mkate benchi kwa benchi, na siku hiyo upande wetu alipangiwa baba. Nilimwona akija. Alimpa mkate kila mtu, kwa mpangilio, mpaka benchi lililo mbele yetu. Hapo mkono ukaanza kumtetemeka, sahani ikagonga pete yake, *tik, tik, tik*, sauti ndogo ambayo kanisa zima liliisikia. Alisimama mbele ya mama yake. Kisha akageuka, akarudi na sahani yenye mkate.

Nyumbani bibi hakula. Alimwambia baba tu: "Mkono wako ulikuwa unatetemeka." "Nitaenda kutubu," akaendelea. "Si kwa ajili yao. Mtoto wa mtu hawezi kubeba sahani ya namna ile mara mbili."

"Utatubu lipi, mama?"

"La kwangu ninalo."

Alisimama mbele Jumapili iliyofuata akiwa peku. Maneno yake nitakupa yalivyo, kwa kuwa nilikuwepo na hayakuwa mengi: "Nilipenda kushinda. Nisameheni." Basi. Hakutaja dawa, wala ukwaju, wala baba yake. Lakini mnong'ono ulitangulia kufika nyuma kabla hajafunga kinywa: umesikia, amekiri! Na hadi leo wako wazee watakaokuambia kwa kiapo kwamba bibi yule alikiri samba mbele ya kanisa. Waliisikia kwa masikio yao, watasema. Ndiyo sababu siku hizi hata masikio ya watu siyaamini sana.

Kwetu aliyerudishwa kundini alikuwa na heshima moja: ndiye aliyeanzisha wimbo wa kumkaribisha, na kanisa likampokea kwa kuitikia. Mchungaji akampa ishara. Tukangoja. Hata waliomsema walingoja, na nadhani wao ndio waliongoja kwa hamu kuliko wote, maana waliikosa ile sauti. Bibi akawatazama vijana waliokuwa pembeni na betri yao.

"Anzisheni ninyi," akasema.

Wakabonyeza kitufe. Alirudishwa mstari wa mbele na hakuimba tena. Hilo lingevumilika kama lingekuwa la kanisani tu, lakini msimu uliofuata tulipoketi kivulini mwa ghala na marundo yetu mawili, hakuimba. Tulichambua pamba kimya. Mdogo wangu alipojaribu kuanzisha utenzi, bibi alimsikiliza kwa upole hadi mwisho, kisha akamwomba afungulie redio. Kwaya ya vijana ilirekodi kanda baada ya hapo, na pambio lake likawa linatoka kwenye milango ya maduka Bariadi. Tulipopita naye barabarani likilia, aliongeza mwendo.

Ndiyo maana Jumapili ile, ibada ilipokwisha, nilimfuata kijana wa Somanda. Alikuwa akikunja nyaya. "Shikamoo, babu," akasema, akaacha kazi yake, akanipa kiti. Nikamweleza. Nilimwambia kwamba hakuna mmisionari aliyeleta wimbo ule, kwamba nilikuwepo ulipozaliwa, na nikamwambia ni nani aliyeuzaa na ulimgharimu nini. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikuweza kuwa mkali.

"Babu," akasema, "basi tufundishe alivyouimba yeye. Leo hii hii." Akawaita wenzake. Wakanizunguka, mmoja akazima mashine.

Nilisimama. Nilikumbuka kila kitu: magunia, viatu vilivyovuliwa, mahali pa kusubiri. Nilijua wanauimba mbio na nilijua usemi wa kuwakemea. Nikafungua kinywa, na kilichonijia ulimini ni uchachu wa ukwaju, na nyuma yake kimya cha misimu yote ile kando ya ghala, ambapo niliketi karibu naye nikiwa na umri wa kutosha kumwomba aimbe, na nyumba nzima iliona haya kumwomba. Hatukumwomba. Sauti ile haikuhifadhiwa na yeyote. Kwenye kanda ile waliimba wengine.

Vijana walikuwa bado wananitazama.

"Anzisheni ninyi," nikawaambia.

Wakaanza, upesi kama kawaida yao. Nami nikasimama pale kofia mkononi hadi walipomaliza.